Adabu ya Chombo

Kila chombo kina kazi yake, na kila kazi ina adabu yake. Kisu hukata, walakini hukabidhiwa mtu kwa mpini. Taa huangaza, walakini haiwekwi machoni mwa mgonjwa aliyelala. Mtu afanyaye chombo huweza kujifunza kazi yake kwa muda mfupi, lakini adabu yake huchukua muda mrefu kujifunza, na aghalabu waalimu wake ni watu wasiojua hata kidogo namna chombo chenyewe kinavyofanyizwa. Mimi nilifundishwa adabu hiyo na wagonjwa na muuguzi mmoja, nilipotakiwa kusanifu programu ya simu ya mkononi ya kuwasaidia watu wanaotibiwa ugumba.

Kusanifu programu za simu ndiyo riziki yangu. Mimi huamua mtu afunguapo simu yake aone nini kwanza, abonyeze wapi, na aambiwe neno gani kwa wakati gani. Kituo kimoja cha tiba ya uzazi mjini Nairobi, ambacho sitakitaja jina, kilitaka programu ya kuwaongoza wagonjwa wake. Sharti lao lilikuwa fupi: mgonjwa asisahau dawa, asikose miadi, na asiwe peke yake njiani. Sharti fupi huweza kuficha kazi ndefu.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ugumba ni hali ya kukosa mimba baada ya mume na mke kukutana kama kawaida, bila kinga, kwa miezi 12 au zaidi. Mwaka 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita duniani hupatwa na hali hii wakati fulani wa maisha yake. Ewe msomaji, hesabu wenzako darasani. Kama mko 42, yamkini saba miongoni mwenu watapita katika mlango huo watakapokuwa watu wazima. Wengi hudhani kuwa huu ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Vipimo vya madaktari vyaikanusha dhana hiyo: karibu nusu ya jozi zinazokosa mtoto, mwanamume naye ana sehemu yake katika sababu.

Wahenga walisema, Asiye na mwana aeleke jiwe. Methali hii twaisoma shuleni, twaandika maana yake katika madaftari, na twapewa alama. Wako watu ambao hawahitaji kuelezwa maana yake. Shangazi yangu mmoja, aliyeishi karibu na Malindi, alikaa katika ndoa miaka 30 bila mtoto. Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Juma, Mama Zawadi. Yeye aliitwa Shangazi hata na watu wasiokuwa wa ukoo wake, kwa kuwa hawakuwa na jina la mtoto wa kumwitia. Hakupimwa hata mara moja, wala mume wake hakupimwa; hukumu ilitolewa bila ya ushahidi, ikaangukia upande mmoja. Nilipopewa kazi hii, yeye alikuwa amekwisha kufariki dunia, lakini jina lile la Shangazi lilikuwa mezani pangu kila siku niliyoifanya.

Tiba ninayoisema si ya zamani sana. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham nchini Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyezaliwa baada ya mimba yake kutungishwa nje ya mwili wa mama yake. Kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu: Robert Edwards, mwanasayansi; Patrick Steptoe, daktari wa magonjwa ya wanawake; na Jean Purdy, muuguzi aliyeisimamia maabara. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, lakini wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Leo hesabu ya watoto waliozaliwa hivyo duniani imepita milioni kumi.

Njia yenyewe ni ndefu, na kila hatua ina saa yake. Kwa siku nane hata 14 mwanamke hudungwa sindano za homoni kila siku, aghalabu kwa mkono wake mwenyewe, ili mayai kadhaa yakue pamoja badala ya moja. Katika siku hizo hupimwa damu, na daktari huyatazama mayai yanavyokua kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kipimo cha dawa huweza kubadilishwa jioni ile ile. Kisha huja sindano ya mwisho, ambayo huyakomaza mayai. Baada ya saa kama 36 mayai hutolewa kwa sindano nyembamba, na katika maabara hukutanishwa na mbegu za mwanamume. Kiinitete kikipatikana huachwa kikue kwa siku tatu hata tano, kisha hurudishwa katika mji wa uzazi. Baada ya hapo ni kungoja muda wa kama majuma mawili, mpaka siku ya kupima damu na kujua kama mimba imeshika. Duru nyingi huisha bila mimba, na kadiri umri wa mwanamke unavyozidi ndivyo tumaini linavyopungua. Gharama ya duru moja nchini ni shilingi laki kadhaa. Wako waliouza shamba, na wako waliochangiwa na ndugu wasioambiwa mchango ni wa nini.

Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, nilikaa majuma sita katika baraza ya wagonjwa, kwa idhini yao, pamoja na muuguzi mkuu wa kituo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache, na kila neno lake lilikuwa na uzito. Tulitazama jinsi watu wanavyojisaidia wenyewe kabla ya sisi kuwaletea msaada wetu. Bwana mmoja alikuwa ameandika tarehe zote nyuma ya mlango wa kabati, kwa penseli, ili zifutike mara moja wageni wakija. Mwalimu mmoja wa shule ya bweni alikuwa na tatizo la dawa, kwa maana baadhi ya dawa hizi hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi mbili hata nane. Alizisafirisha katika chupa ya chai iliyozungukwa barafu, na shuleni alizihifadhi katika jokofu la jikoni, ndani ya mkebe ulioandikwa “Samli ya Mwalimu”. Hakuna mtu aliyeufungua mkebe ule, kwa kuwa mwalimu mwenyewe alikuwa mkali. Tulicheka pamoja naye. Lakini nilipokuwa nikiandika habari ile katika daftari langu, niliona kuwa wagonjwa hawa wana kazi mbili: ya kwanza kutibiwa, na ya pili kuuficha utibabu wao. Kazi ya pili haikuwamo katika sharti tulilopewa.

Jambo la kwanza lililotushughulisha lilikuwa saa. Simu huanza kuihesabu siku tangu usiku wa manane. Mswahili huanza kuhesabu saa zake tangu mapambazuko. Tofauti hii haina neno mtu akialikwa chai, kwa sababu mgeni akichelewa chai hupashwa moto. Sindano ya mwisho haipashwi moto. Ikidungwa kwa kuchelewa, mayai hayatakuwa yamekomaa saa ya kutolewa. Ikidungwa mapema mno, mayai huweza kutoka yenyewe na kupotea, na pamoja nayo hupotea sindano zote za nyuma na fedha za shamba lililouzwa. Tuseme mayai yamepangiwa kutolewa Alhamisi, saa nne u nusu asubuhi. Sindano yapasa kudungwa Jumanne, saa nne u nusu usiku. Ndizo saa 36. Sasa programu ikiandika “4:30 usiku”, mmoja ataisoma kama nyanya yake alivyomfundisha, naye atakuwa sawa. Mwingine ataisoma kwa hesabu ya simu, aamke saa kumi u nusu alfajiri, naye atakuwa amechelewa saa sita.

Tena kuna hatari ya pili iliyojificha zaidi. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, siku mpya huanza jua linapotua. Kwao usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne, ambao kalenda ya ukutani huuita Jumatatu usiku. Binti mmoja wa Lamu alikuja Nairobi kutibiwa, akafuatana na mama yake mzazi. Alimwambia mama yake kuwa sindano kubwa ni usiku wa Jumanne. Jumatatu jua lilipotua, akamkuta bi mkubwa amekwisha tandika kitambaa safi, pamba na spiriti viko tayari. Wote wawili hawakukosea Kiswahili; kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Binti alitusimulia kisa hiki huku akicheka, na sisi tukacheka. Muuguzi hakucheka. Aliuliza, “Na kama mama ndiye angeshika simu?”

Kwa ajili ya swali hilo tuliandika upya kila kumbusho. Likawa lasema hivi: Jumanne, tarehe fulani, saa nne u nusu usiku, baada ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Chini yake iliandikwa saa ya simu, 22:30. Chini kabisa, kwa tarakimu kubwa kuliko zote, ziliandikwa saa zilizobaki: zimebaki saa tisa, zimebaki saa tatu, imebaki nusu saa. Saa zilizobaki hazina tafsiri mbili, zawe za nyanya au za simu. Mgonjwa hubonyeza kuonyesha kuwa ameelewa; asipofanya hivyo katika muda uliowekwa, muuguzi humpigia simu kwa sauti yake. Tena makumbusho haya yalihifadhiwa ndani ya simu yenyewe, ili yalie hata mahali pasipokuwa na mtandao, kwa sababu si kila mgonjwa anayelala mjini.

Jambo la pili lilikuwa majina. Katika Kiswahili kumwita mwanamke mama ni heshima, hata kama hujui ana watoto au hana. Karani humwita hivyo mteja wake, na utingo wa matatu humwita hivyo abiria. Lakini katika baraza ile niliwaona wanawake wakiinamisha vichwa kidogo kila walipoitwa hivyo, kama mtu apitaye chini ya tawi la chini. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Heshima ilikuwa ya kweli, na maumivu yalikuwa ya kweli. Basi tuliifanya programu imuulize kila mtu swali moja siku ya kwanza: Tukuite nani? Wengi waliandika majina yao ya ubatizo au ya ukoo. Mmoja aliandika Mwalimu. Bwana mmoja aliyekuwa baharia aliandika Nahodha, na toka siku hiyo simu yake ikawa ikimwamkia Nahodha. Mmoja aliandika Mama, akafuatisha jina la mtoto wake aliyekwisha kufariki. Programu ikamwita hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Baada ya majina yalifuata maneno. Lugha yetu ina neno tasa. Wanahesabu wameliazima, wakaiita namba tasa ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama saba au 13. Namba haina moyo, nayo haikuona haya. Mtu ana moyo. Neno hilo tuliliondoa, na pamoja nalo tukaondoa kila sentensi iliyosema kuwa mwili wa mtu umeshindwa. Mahali pake tuliandika lililotokea, si zaidi: mayai mawili yamepatikana, kiinitete hakikuendelea, mimba haikupatikana. Mmoja wa wadhamini alipendekeza kila asubuhi programu impe mgonjwa methali ya kumtuliza, akachagua Subira yavuta heri. Tulimsomea mwanamke mmoja aliyekuwa na miaka 11 ya kungoja. Alituambia, “Heri yangu nimeivuta miaka kumi na mmoja, na sasa kamba imekatika. Niambieni saa ya dawa, inatosha.” Methali ni mali ya anayeishi ndani yake, mtu wa nje akiitumia ovyo huwa kama amtupiaye mwenziwe jiwe jingine la kueleka.

Jambo la tatu lilikuwa siri. Simu ya mkononi husemwa kuwa ni mali ya mtu mmoja, lakini nyumbani haiko hivyo. Mtoto wa ndugu huichezea, wifi huiazima kupiga simu, na mwenye simu huilaza mezani wakati wa chakula, uso juu. Arifa ni yale maneno mafupi yanayojitokeza yenyewe juu ya kioo cha simu. Hebu fikiri arifa isemayo “Wakati wa sindano ya homoni” ikajitokeza mezani mbele ya mama mkwe ambaye hajaambiwa kitu. Programu iliyokusudiwa kuponya itakuwa imefungua baraza la ukoo. Kwa hiyo tuliwaachia wagonjwa wajiandikie wenyewe maneno ya arifa zao. Mmoja aliandika “Mwagilia maua”. Mwingine aliandika “Mpigie fundi”, na mume wake alituambia kwamba fundi huyo alipigiwa kila usiku kwa siku kumi bila ya kuonekana. Alama ya programu haikuwa na picha ya mtoto wala ya tumbo. Ilikuwa duara la rangi ya majani, kama alama nyingine zozote. Mlangoni tuliweka namba ya siri. Hili halikuhitaji mafundisho, kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, Wakenya wamezoea kulinda tarakimu nne kuliko funguo za nyumba.

Iko siri nyingine, nayo ni ile inayowekwa mbali na nyumbani, katika ghala za kompyuta. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data yahesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari nyeti, zinazotakiwa kulindwa kuliko nyingine. Hofu hii si ya bure. Mwaka 2021, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni moja yenye programu ya kuhesabu siku za hedhi, iliyotumiwa na mamilioni ya wanawake. Ilidaiwa kwamba kampuni hiyo iliahidi kutunza siri, kisha ikapitisha habari za watumiaji kwa makampuni mengine, yakiwamo ya matangazo. Sisi tulijiwekea kanuni nyepesi kukumbuka: kisichohitajika kisiulizwe. Hatukuuliza kabila, wala dini, wala mshahara. Kilichoulizwa kilifungwa kwa maandishi ya siri, na mgonjwa alipewa kitufe cha kukifuta. Mdhamini mmoja aliona kuwa twatupa mali. Muuguzi alimjibu kwamba mali ile haikuwa yetu.

Waume nao walipewa mlango wao, kila mmoja kwa ridhaa ya mke wake na yake mwenyewe. Wengi wao hukaa katika baraza ile kama wageni waliosindikiza, wakitazama saa. Dereva mmoja wa lori alikiri kwamba alijua siku ya kubadilisha mafuta ya injini kuliko siku za sindano za mkewe. Katika ukurasa wake tulimweleza kipimo cha mbegu za kiume kwa maneno ya wazi yasiyo na mzaha, tukampa kazi yake katika kila siku ya tiba: leo chukua barafu, leo mwendeshe asiendeshe mwenyewe. Alisema ya kwamba mpaka siku hiyo hapakuwa na mtu aliyemwambia kuwa naye ana kazi.

Sasa nafika kwenye jambo lililoleta ubishi mkubwa kuliko yote, nalo ni kunyamaza. Programu nyingi za simu hufanywa ili zifunguliwe mara nyingi. Hupiga kengele, husifu, huhesabu siku ambazo hukukosa kuzitazama. Baadhi ya wadhamini walitaka yetu iwe hivyo hivyo. Walitaka picha ya mtoto mchanga katika ukurasa wa kwanza. Walitaka, katika yale majuma mawili ya kungoja, mgonjwa apelekewe kila asubuhi habari za ukubwa wa kiinitete chake, leo kama mbegu ya ufuta, kesho kama punje ya mchele. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwataka kumwambia mtu habari za mgeni ambaye ninyi wenyewe hamjui kama amefika.” Hawakuwa na la kumjibu.

Basi katika majuma hayo mawili programu ilisema machache: saa za dawa, namba ya simu ya muuguzi, na dalili ambazo mgonjwa akiziona asingoje asubuhi, yaani tumbo kuvimba kwa ghafla, maumivu makali, kutapika bila kukoma, pumzi kuwa nzito, au damu nyingi. Zaidi ya hayo ilinyamaza. Kila mwenye kupata tiba hii huogopa simu yake katika siku hizo, na sisi hatukutaka iite bila ya haja.

Jibu la kipimo nalo lilikuwa na adabu yake. Kompyuta ya maabara ingeweza kulipeleka jibu katika simu ya mgonjwa dakika ile ile lilipopatikana, akiwa sokoni au akifundisha darasani. Tulikataa. Mgonjwa huulizwa mapema: Wataka kupigiwa simu na nani, saa ngapi, na nani awe karibu nawe? Jibu husemwa kwanza na sauti ya mtu, maandishi hufuata. Na kama mimba haikupatikana, muuguzi hubonyeza mahali pamoja tu, na papo hapo makumbusho yote hukoma. Hili laonekana dogo. Lakini programu ambayo haikuambiwa itaendelea kesho yake kudai dawa za mimba isiyokuwapo, na kumbusho la namna hiyo ni kama ngoma inayopigwa mlangoni pa matanga. Mahali pa makumbusho hubaki ukurasa mmoja mweupe wenye mambo matatu: namba ya daktari, namba ya mshauri nasaha, na maneno “Funga daftari”. Anayefunga huulizwa kama ataka daftari lake lihifadhiwe au lifutwe. Haulizwi kwa nini.

Mwanamke mmoja alifunga daftari lake baada ya duru ya tatu. Miezi kadhaa baadaye alikuja kituoni kuchukua karatasi zake, akamwambia muuguzi kwamba siku ile watu wote walimsemesha: dada zake, jirani zake, na wachungaji wake, kila mmoja na faraja yake. Simu yake ilinyamaza, naye aliiona kuwa imemstahi. Hakurudi katika tiba. Miongoni mwa watu wote walioitumia kazi yetu, ndiye ninayemkumbuka zaidi, maana wanaopata mtoto hukisahau chombo upesi, na ni haki yao kukisahau. Chombo hujaribiwa kwa yule aliyeondoka bila ya alichokifuata.

Sisemi kuwa programu ya simu humpa mtu mtoto. Haibadilishi kipimo cha dawa, kwa maana hiyo ni kazi ya daktari. Haipunguzi bei, na wako wengi wanaoishia mlangoni kwa kukosa fedha, ambao hakuna duara la rangi ya majani litakalowafaa. Iliyoweza kufanya ni moja: kumwondolea mgonjwa baadhi ya uzito wa kukumbuka na wa kuficha, bila ya kumwongezea mwingine.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi, baadhi yenu mtakuwa wasanifu wa vyombo ambavyo sisi hatujaviota. Mtavipa sauti, na yamkini mtavipa akili kupita vyetu. Jifunzeni hesabu na sayansi kwa bidii, kwa kuwa nia njema haijengi daraja. Walakini kabla ya kuandika amri ya kwanza ya kompyuta, nendeni mkakae na wale mnaotaka kuwasaidia. Waulizeni wataka kuitwa nani. Waulizeni usiku wao huanza saa ngapi, na ni nani mwingine ashikaye simu yao. Kisha waulizeni ni wakati gani wangependa chombo chenu kikae kimya, na jibu lao mliandike mahali pa juu kabisa katika daftari lenu la kazi.